Tunakwenda Mbeya Kushangilia

Mwezi uliopita tuliwaahidi kwamba tutaendelea na habari za kuhifadhi nafaka wakati wa masika. Tunaomba radhi. Habari hizo zitangoja kidogo, kwa sababu nyumba yetu wiki hizi haina habari nyingine ila mpira. Jumamosi ya wiki ijayo Yanga inacheza na Mbeya City, tena si hapa Dar es Salaam bali kule kule Mbeya, katika uwanja wa Sokoine. Na safari hii hatutasikiliza redioni. Tunakwenda. Zimebaki siku tisa.

Sisi hatukuzaliwa na mpira, tuliolewa nao. Baba watoto alikuwa mtu wa Yanga kabla hajawa mchumba wa mtu. Klabu yake ilianzishwa mwaka 1935, naye hutaja mwaka huo kama wengine wanavyotaja mwaka aliozaliwa babu yao. Miaka ya kwanza ya ndoa tulinuna. Tulipika, chakula kikapoa, mtu yuko uwanjani. Baadaye tukaona kununa hakuleti mtu nyumbani mapema, tukaanza kuuliza maswali. Leo tunajua kuotea ni nini, na tunaweza kumweleza jirani kwa kutumia vikombe vya chai. Akina mama wanaotucheka wajaribu wenyewe kwanza.

Basi, kama nyumbani kwako pia kuna mpenda mpira, umeona jinsi sura yake inavyobadilika timu yake inapocheza ugenini. Mechi ya nyumbani anaingoja kwa furaha. Ya ugenini anaingoja kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Zamani tulidhani ni mazoea tu. Uwanja ni uwanja, magoli mawili, mpira mmoja. Kuna tofauti gani? Lakini wakati wa korona jambo hili lilipimwa bila mtu kukusudia. Uingereza, msimu wa 2020/21, karibu mechi zote za Ligi Kuu zilichezwa bila watazamaji. Mwisho wa msimu wakahesabu: timu za ugenini zilikuwa zimeshinda mechi 153, na timu za nyumbani 144. Katika daraja la juu la nchi ile haikuwahi kutokea kwamba wageni wawazidi wenyeji kwa ushindi. Ondoa watu jukwaani, na nyumbani panageuka kuwa mahali kama pengine.

Kwa hiyo wale wanaume wanaopiga kelele mpaka sauti zinakauka, ambao sisi wake zao tumewaambia kila wiki kwamba kelele hazifungi goli, kumbe wana kazi wanayoifanya. Baba watoto alikata habari hiyo gazetini akaibandika kwenye mlango wa kabati la vyombo. Iko pale mpaka leo, imeingia mafuta.

Mbeya ina mambo yake zaidi ya kelele. Mji uko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na timu inayotoka pwani hulisikia hilo kifuani. Hewa ni nyepesi, pumzi inakatika upesi, na mpira uliopigwa juu huruka mbali kuliko mchezaji alivyozoea. Si milima ya Bolivia, ambako mji wa La Paz uko zaidi ya mita 3,600, hata mwaka 2007 FIFA ikakataza mechi za kimataifa katika miinuko mikubwa kama ile, kabla ya kulegeza mwaka uliofuata. Lakini kijana aliyelala wiki nzima Dar es Salaam kwenye joto, akatolewa saa kumi jioni acheze kwenye upepo wa Mbeya, hahitaji kuambiwa habari za Bolivia. Wachezaji wenyewe watapanda ndege mpaka Songwe. Sisi mashabiki tutakwenda kwa basi, zaidi ya kilomita 800.

Na mkoa ule una historia ya kuwasumbua wakubwa. Mwaka 1986 ubingwa wa nchi ulichukuliwa na Tukuyu Stars kutoka Rungwe, vijana wa kwenye migomba na chai, wakati Simba na Yanga wakitazama. Mbeya City ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14 ilimaliza ya tatu kwa mara yake ya kwanza. Msimu huo huo Azam walikwenda Sokoine mwezi wa Aprili 2014, wakashinda mabao 2 kwa 1, na ubingwa wao wa kwanza wakauchukulia pale pale, ugenini. Mbeya City baadaye walishuka, mwaka 2023, na mwaka 2025 wakarudi. Baba watoto husema timu iliyoshuka ikarudi ni kama mtu aliyeugua akapona, haogopi tena.

Lakini kipigo ambacho nyumba yetu haitakisahau hakikutokea Sokoine. Kilitokea Ubaruku, wilaya ya Mbarali, katikati ya mashamba ya mpunga. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga ilikuwa imecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Wakaenda kucheza na Ihefu, timu ambayo watu wengi wa Dar es Salaam walikuwa hawajui hata inatoka wapi. Ihefu wakashinda 2 kwa 1. Hesabu ikaishia pale.

Usiku ule simu yetu ililia. Alikuwa mwanetu wa kwanza, na alikuwa uwanjani.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Mwanetu huyo alikuwa chuoni, anasomea uhasibu, amebakiza mwaka mmoja. Baba yake alikuwa amekopa kazini kwa ajili ya ada. Septemba 2022 kijana akaja sebuleni akatuambia ameacha chuo, anakwenda Mbeya na mwenzake kufanya biashara ya mchele. Maneno yaliyosemwa jioni ile hatutayaandika hapa. Kila mzazi aliyewahi kukopa kwa ajili ya ada anaweza kuyakisia. Kijana aliondoka na begi moja. Baba yake alimwambia asirudi mpaka awe na cheti, naye akajibu kwamba basi hatarudi. Wote wawili wana kichwa cha aina moja, na wote wawili hukana.

Kwa hiyo simu ile ya Novemba ilikuwa ya kwanza. Kijana alikuwa amekwenda Ubaruku kununua mpunga, akakuta siku ya mechi. Hakusema shikamoo wala habari. Alisema, "Mama, mpe mzee." Tukampa. Tulisikia sauti ya mtoto ikieleza, haraka haraka, jinsi mabao yalivyoingia, nani alizubaa, mwamuzi aliongeza dakika ngapi. Baba watoto alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimesikia." Akaturudishia simu, akaenda kulala bila kula.

Tangu siku hiyo sisi tumekuwa posta. Kila Yanga ikicheza, ujumbe unaingia kwenye simu yetu, na kila mara unaanza na maneno yale yale: "Mwambie mzee." Mwambie mzee beki wa kulia leo alikuwa anatembea. Mwambie mzee yule kocha hajui kubadilisha wachezaji. Tunausoma kwa sauti, kana kwamba ni taarifa ya habari. Baba watoto anajibu akitazama ukutani: "Mwambie yule beki alikuwa na maumivu, asiseme asichokijua." Tunaandika, tunatuma. Hakuna siku mmoja wao aliyeuliza juu ya afya ya mwenzake. Lakini jumbe zenyewe zimekuwa ndefu mwaka hadi mwaka.

Ule mrefu kuliko yote ulikuja Juni 2023. Mtakumbuka kwamba Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mechi ya kwanza, tarehe 28 Mei hapa Dar es Salaam, walifungwa na USM Alger ya Algeria 2 kwa 1. Watu wakalia, wakasema imekwisha. Nani anakwenda Algiers akashinda? Tarehe 3 Juni Yanga ikashinda kule kule, bao 1 kwa 0. Jumla ikawa mawili kwa mawili, na kombe likaenda kwa Waalgeria kwa sababu ya mabao ya ugenini. Kanuni hiyo Ulaya walikuwa wamekwisha kuiondoa mwaka 2021, lakini Afrika ilikuwa bado inatumika. Baba watoto alikaa barazani mpaka saa sita usiku. Ujumbe wa kijana ulikuwa na aya tatu, na wa mwisho ulisema: "Mwambie mzee asihuzunike sana. Nyumbani tulifungwa, lakini kule mbali tulishinda."

Tulimsomea. Akaomba tusome tena mstari wa mwisho. Hakujibu kitu usiku ule.

Sasa turudi kwenye safari. Mwenyekiti wa tawi alipotangaza kwamba kuna basi la kwenda Mbeya, hatukutegemea lolote. Baba watoto ni shabiki wa uwanja wa Dar es Salaam. Kwa ajili ya mechi hajawahi kuvuka Morogoro. Mwaka juzi tulikuwa na harusi ya ndugu huko huko Mbeya, akasema mgongo hauwezi kukaa kwenye basi siku nzima. Jioni ile akarudi na karatasi mbili za malipo, akaziweka juu ya meza. Viti viwili, vya karibu na dirisha kwa ajili yetu. Alipotaja Mbeya hakutaja mtoto. Alitaja nafasi kwenye msimamo, na kwamba pointi tatu za ugenini ndizo zinazoleta ubingwa. Tukasema ni kweli.

Siku mbili baadaye, akifunga kamba za viatu, akauliza, "Huyo bwana anakaa sehemu gani kule?"

"Soweto," tukajibu.

"Ni mbali na uwanja?"

"Si mbali."

Akaendelea na viatu.

Yako mambo ya safari ambayo akina mama wenye watu wanaofuata timu mnayajua. Fedha ilikuwepo, kwa sababu tulivunja kibubu cha kununulia friji. Friji itangoja pamoja na nafaka. Binti yetu atabaki kwa bibi yake, na amenuna, maana yeye ndiye anayejua majina ya wachezaji wote pamoja na wa timu ya wanawake. Mechi ni Jumamosi, hivyo Jumapili tutakuwa kanisani kule kule, na Jumatatu tutarudi.

Lililotunyima usingizi ni barabara. Mwenyekiti alikuwa amepanga basi liondoke Ijumaa saa tatu usiku, tufike asubuhi ya mechi, tuokoe fedha za kulala. Kwa miaka mingi mabasi ya abiria yalikatazwa kusafiri usiku katika nchi hii, na mwaka 2023 yakaruhusiwa tena. Kuruhusiwa ni jambo jema kwa mwenye mgonjwa au mwenye biashara. Lakini basi la mashabiki usiku, na nyimbo, na chupa zinazopita chini ya viti, na dereva anayeulizwa kila baada ya nusu saa mbona anakwenda kama konokono, hilo tulilikataa. Tulikwenda akina mama wanne kwa mwenyekiti. Alitukaribisha vizuri, akatuambia dereva ni mzoefu. Mmoja wetu, ambaye ni mjane, alimuuliza kama anajua uwanja tunaokwenda umepewa jina la nani. Akasema, "La Waziri Mkuu, Edward Sokoine." Akamuuliza tena alikufaje. Mwenyekiti akanyamaza. Sokoine alikufa kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, karibu na Morogoro, akitoka Dodoma, na alikuwa na walinzi na msafara.

Basi litaondoka Ijumaa alfajiri, saa kumi na moja. Chupa hazitaingia. Kuna vijana wawili wamejitoa, wamesema hiyo si safari ya mpira bali ni ya kwaya. Nafasi zao zimechukuliwa na akina mama.

Njia yenyewe tunaijua kwa kusikia. Baba watoto anaikariri usiku kama mtu anayejiandaa kwa mtihani: Chalinze, Morogoro, kisha Mikumi ambapo barabara inapita ndani ya mbuga kilomita 50 hivi na twiga husimama kutazama mabasi. Halafu Ruaha Mbuyuni, halafu mlima Kitonga wenye kona zinazowafanya watu waache kuimba. Ilula kwenye nyanya na vitunguu. Iringa tutaiona kwa juu, iko kilimani. Mafinga, Makambako, hapo baridi inaanza. Rujewa, ambapo njia inachepuka kwenda Ubaruku. Ihefu siku hizi hawapo tena pale. Mwaka 2024 timu ilihamia Singida na ikabadilishwa jina. Lakini Baba watoto amesema basi likifika pale atasimama dakika moja kuomboleza zile mechi 49. Halafu Uyole, na kijana amesema atatungojea Uyole.

Kuna jambo moja ambalo hatujalisema nyumbani, na tunaliandika hapa kwa kuwa Baba watoto hasomi ukurasa huu. Husema ni wa mapishi.

Mwanetu si mtu wa Yanga tena. Au tuseme ni mtu wa Yanga siku zote isipokuwa siku moja. Alituambia wiki iliyopita, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa kubwa. Biashara yake imesimama, ana duka dogo, wateja wake ni watu wa Mbeya, waliomkopesha magunia ya kwanza ni watu wa Mbeya, na kuna binti wa Kinyakyusa ambaye tumezungumza naye kwa simu mara mbili na ambaye hutuamkia kwa heshima mpaka tunajisikia wazee. Wote hao ni Mbeya City. Alianza kwenda nao uwanjani kwa kuwasindikiza tu. Sasa ana jezi ya zambarau. "Mama," alisema, "Jumamosi nitakaa upande wa nyumbani."

Tulinyamaza kidogo. Akafikiri tumekasirika. Hatukukasirika, tulikuwa tunalifikiria hilo neno. Sisi tunajiandaa kwenda ugenini, tumefunga na masweta, na mtoto tuliyemzaa anaita pale nyumbani.

Baba yake hajui. Yeye anadhani watakaa pamoja, wavae njano na kijani, wamseme yule beki wa kulia ana kwa ana. Tunamjua: habari ya chuo aliweza kuivumilia kwa kunyamaza, lakini jezi ya zambarau ni jambo jingine. Akiiona kwa ghafla pale Uyole, mbele ya basi zima la tawi, mwenyekiti akiwepo, hatujui kitatokea nini. Anaweza kucheka. Anaweza pia kubaki ndani ya basi, na safari yote ikawa bure.

Kwa hiyo tumepanga kumwambia njiani. Tuliwaza Mikumi, lakini pale atakuwa anahesabu twiga. Kitonga haiwezekani, maana atakuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Tumeamua iwe Ilula. Basi husimama pale watu wanunue nyanya, na Baba watoto hakuna kinachompa furaha kama kupunguziwa bei na mtu asiyemjua. Akishapata ndoo yake kwa bei anayoitaka, akarudi kitini anajisifu, hapo tutamwambia. Kutoka Ilula mpaka Uyole atakuwa na saa nyingi za kununa na kumaliza.

Jana usiku ujumbe umeingia. Kijana ametabiri sare, bao 1 kwa 1. Tumeusoma kwa sauti kama kawaida. Baba watoto amesema tumwambie ni 2 kwa 0, na kwamba aangalie vizuri bao la pili litakavyofungwa kwa kichwa. Kisha akasimama mlangoni, akasema, "Muulize kama anataka kitu chochote kutoka huku."

Tumeuliza. Amesema anataka dagaa wa Kigoma wa yule mama wa sokoni kwetu, na samaki wa kukaushwa, na kama nafasi ipo, kile kitanda chake kidogo cha kukunja. Baba watoto ameshakwenda kukitoa stoo, anakipiga mafuta kwenye bawaba.

Leo asubuhi kijana ameuliza jambo la mwisho: anunue tiketi mbili au tatu, na za wapi? Tumemjibu anunue tatu, za jukwaa moja. Hakuuliza ni jukwaa la upande gani, na sisi hatukusema.